Mizani Nne

Mimi ni malenga wa Chama cha Kinu,
chama kinachonilipa kwa bahasha, nayo bahasha huja ikipenda.
Usishangae leo ninaandika bila vina:
vina nimeviuza Jumapili, ukumbini Tononoka,
saa nne kasorobo, vipaza sauti vikikohoa
na mbaazi za wajumbe zikipoa sufuriani.

Walikuja kumi na mmoja kumuunga mkono mwenzao
agombee uenyekiti.
Mutinda wa Mikindani, shati lingali na mikunjo ya dukani.
Mheshimiwa Kadzo, ambaye juzi redioni
alimwita Nyamawi konokono.
Leo alimwita mwamba,
na sauti haikupanda wala kushuka.
Shee Famau hakusema neno. Shee alipigwa picha.
Kila kamera iliposogea naye alisogea,
kama mtu anayefuata kivuli cha ukuta saa saba mchana.
Bi Mwanasiti wa Mtongwe alitia saini kwa penseli.
"Kalamu imekwisha wino," alisema,
na kalamu tatu zilikuwa mezani.

Ubeti wangu si mpya.
Niliutunga mwaka ule Mwinyihaji aliposimama,
na hawa hawa, ukimtoa marehemu mmoja,
walijipanga nyuma yake, wembamba kidogo kuliko leo.
Mwi-nyi-ha-ji: mizani nne,
imelala ndani ya mshororo kama komeo kwenye tumbuu.
Nya-ma-wi: tatu. Jina linacheza, linaacha ufa.
Usiku wa kuamkia Jumapili nilikaa kitandani
nikihesabu kwa vidole, mke wangu akidhani navuta tasbihi,
mpaka nikamkopesha Nyamawi "e" moja:

Twakuunga kwa umoja, e Nyamawi kiongozi,
Imekwisha kila hoja, wamesalimu wajuzi,
Sote twatwanga pamoja, kinu chetu ni azizi,
Kiti ndicho chakungoja, keti uwe mwangalizi.

Nikapanda jukwaani. Nikasafisha koo.
Ulimi ni punda mzee, unaijua njia ya bandani:
"Twakuunga kwa umoja, Mwinyihaji kiongozi..."

Masikio yakaniwaka moto.
Nikangoja kiatu, nikangoja chupa ya maji, nikangoja tusi la mama.

Ukumbi ukaitikia: Naam!

Kadzo alipiga kigelegele. Mutinda alirusha ngumi hewani.
Shee akageuza shavu lake zuri upande wa kamera.
Bi Mwanasiti akaandika kitu, sikujua nini,
kwa penseli ile ile.
Mmoja tu hakupiga makofi.
Nyamawi alikuwa akiwatazama, mmoja mmoja, midomo ikimtikisika,
kama karani wa bandarini anayehesabu magunia
na kuona hesabu haimfiki.

Baadaye, nyuma ya ukumbi, karibu na matangi ya maji,
alinipa bahasha bila kunitazama.
"Jina lake lina mizani ngapi?"
"Nne, mheshimiwa."
"Na langu?"
"Tatu."
Akacheka kicheko kifupi,
cha mtu aliyekanyaga dimbwi gizani.
"Na makofi yale?"
Sikujibu. Makofi sijapata kuyapima.

Magharibi haijatoka, simu ikalia. Kijana wa Mwinyihaji.
"Malenga, ubeti ule bado uko hai?
Jumamosi, Likoni. Tuna wageni kumi wa kuja kutuunga mkono."
Nikamuuliza ni nani na nani.
Akaanza kutaja, na wa kwanza alikuwa Bi Mwanasiti.

Nimekubali. Nina karo ya Swafiya,
na mwenye nyumba ameanza kunisalimia kwa jina kamili.
Mshororo safari hii utalala vizuri, hauna ufa.
Ila ile "e" niliyokopesha
ingali imenikaa kooni.
Kila nikimeza mate naisikia,
na haijui irudi kwa nani.